Kamusi haimfundishi mtu kuongea: hati za GTK na anayeanza kule Mbaha

Mtu akikuambia kwamba Linux haina hati za maelezo kwa waandishi wa programu, mkatalie. Zipo, tena nyingi. Chukua GTK, maktaba ya vitufe na madirisha iliyozaliwa miaka ya 1990 kwa ajili ya programu ya picha iitwayo GIMP, na ambayo leo ndiyo msingi wa mazingira ya GNOME unayoyaona ukiwasha Ubuntu. Hati zake zina ukurasa kwa kila kitufe, kila kisanduku cha kuandikia, kila menyu. Ukurasa unakuonyesha amri zote za kitu hicho, kila amri inapokea nini na inarudisha nini, hata nani mwenye jukumu la kuachia nafasi ya kumbukumbu kazi ikiisha. Aliyezoea kazi hii anapata anachotaka kwa nusu dakika. Nazisifu kabisa.

Lakini ni kamusi. Na sijaona mtu aliyejifunza kuongea Kiingereza kwa kupewa kamusi na kuambiwa aanzie A.

Sasa jiweke Mbaha. Ni kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa, katika Wilaya ya Nyasa, ile iliyomegwa kutoka Mbinga. Umemaliza kidato cha sita, una laptopu ya mtumba yenye Ubuntu 22.04 uliyowekewa na rafiki, na Python unaijua kidogo: unaweza kuandika kitanzi, unaweza kusoma faili na kuliandika. Tena una kazi ya kweli mbele yako. Mama yako mdogo ananunua dagaa ufukweni, anaanika, anauza Mbinga na Songea, na hesabu zake ziko kwenye madaftari matatu ambayo mawili yameshalowa. Anataka kitu rahisi tu. Tarehe, ndoo ngapi, bei, nani anadaiwa. Kitufe cha kuhifadhi, na jedwali la kuonyesha yaliyohifadhiwa. Basi.

Mwandishi mzoefu anaimaliza kwa mchana mmoja. Wewe je, kwa hati zilizopo, utafika wapi?

Utaanza kwa kutafuta pa kuanzia. Njia rasmi ya GNOME kwa mgeni inakutaka usakinishe Flatpak, kisha programu ya kuandikia msimbo iitwayo Builder, kisha ushushe mazingira ya kuendeshea yenye mamia ya megabaiti. Kwa mtu wa Berlin hilo ni jambo la kunywa kahawa na kurudi. Kwa mtu wa bando la siku, hiyo ni bajeti ya wiki imeisha kabla hajaandika herufi moja. Na kinachoudhi ni kwamba si lazima! Kwenye hazina ya Ubuntu kuna vifurushi viwili vidogo, python3-gi na gir1.2-gtk-4.0, na hivyo viwili pamoja na kihariri chochote cha maandishi vinatosha kabisa kuandika daftari la dagaa. Njia ya Builder ni nzuri kwa anayetaka kuchapisha programu yake duniani. Mama mdogo hajaomba ichapishwe duniani.

Tuseme umevuka hapo. Unalo somo fupi la Python ulilolihifadhi, linasema unda dirisha, weka kitufe ndani kwa amri ya add, onyesha vyote kwa show_all. Unaandika kama lilivyo, herufi kwa herufi, na mashine inakujibu kwamba 'Window' object has no attribute 'add'. Unarudia. Unahakiki nukta na mabano. Jibu ni lile lile.

Kilichotokea ni hiki. Somo lile liliandikwa wakati wa GTK 3, toleo lililotoka mwaka 2011. GTK 4 ilipotoka Desemba 2020 iliondoa add kwenye dirisha na kuweka set_child, ikaondoa show_all, ikaondoa pack_start ya kupanga vitu kwenye kisanduku, ikaondoa hata ile Gtk.main iliyokuwa mstari wa mwisho wa kila somo. Mabadiliko yenyewe yana sababu za maana, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba masomo ya zamani yamebaki kama yalivyo, mengine bila hata kutaja ni ya toleo gani. Na kama mwandishi wa somo alisahau ule mstari mmoja unaoiambia Python itumie GTK ipi, Python inachukua toleo jipya kuliko yote yaliyopo kwenye mashine, inakupa onyo, inaendelea. Kwa hiyo msimbo ule ule unafanya kazi kwa mwenzako wa Mbamba Bay mwenye Ubuntu 20.04, ambayo GTK 4 haimo kabisa kwenye hazina yake, na kwako unagoma. Hapo mtu anaanza kujiuliza kama yeye ndiye mjinga.

Ukurasa wa kuhama kutoka GTK 3 kwenda 4 upo kwenye hati rasmi, tena umeandikwa kwa uangalifu. Ila umeandikiwa mwenye programu ya zamani anayetaka kuihamisha. Wewe huna cha kuhamisha.

Basi unaamua kuachana na masomo ya watu na kusoma hati rasmi zenyewe. Vizuri. Unataka mama mdogo akibonyeza kufuta aulizwe kwanza, "Una hakika?" Hati zinasema Gtk.MessageDialog imeshapitwa na wakati, tumia Gtk.AlertDialog. Unatumia. Haipo. Kumbe hiyo AlertDialog imeanza kwenye toleo la 4.10, la mwaka 2023, na Ubuntu 22.04 ina 4.6. Debian 12 nayo ina 4.8. Ni kweli kwamba ukurasa unataja lilipoanzia, siwezi kusema wameficha. Lakini hakuna mahali pa mwanzo panapokwambia: ndugu, kwanza uliza mashine yako ina toleo gani, hii hapa amri ya kuuliza, na ukiona namba ndogo kuliko hii, soma kule. Hati za mtandaoni zinaeleza toleo la leo, na laptopu ya mtumba inaishi miaka mitatu nyuma.

Kuna mtego mwingine ambao mimi ningeuandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza wa somo lolote. GTK inataka kila programu iwe na kitambulisho, na mfano rasmi unatumia org.gtk.example. (Ukitaka kujua uchague kipi chako, unapelekwa kwa kiungo hadi ukurasa mwingine. Bando jingine.) Kitambulisho hicho kina kazi: programu ikiwa tayari inaendeshwa na wewe ukaianzisha tena, ile ya pili inaigongea mlango ile ya kwanza, inaiambia "fungua dirisha", kisha inajiondokea. Sasa tazama. Umebadilisha neno kwenye kitufe kutoka "Hifadhi" kuwa "Weka". Dirisha la awali hukulifunga. Unaendesha tena, dirisha jipya linatokea, na kitufe bado kinasema "Hifadhi". Unahifadhi faili upya, unaendesha, "Hifadhi". Ni kwa sababu dirisha lile jipya limefunguliwa na programu ya zamani, kwa msimbo wa zamani uliokwishapakiwa. Hakuna kosa lililoandikwa popote, hakuna onyo. Sentensi moja tu, "funga dirisha la zamani kabla hujaendesha tena," ingemwokolea mtu jioni nzima.

Na jedwali? Hapo ndipo mlima. Zamani ulitumia TreeView, ambayo nayo haikuwa rahisi. Tangu 4.10 TreeView imewekwa kwenye orodha ya zilizopitwa na wakati, na unaelekezwa kwenye ColumnView. Ili mistari mitano ya mauzo ya dagaa ionekane, unahitaji klasi yako mwenyewe ya kubeba mstari mmoja wa data, hifadhi ya orodha ya kuibeba mistari yote, kitu cha kusimamia uchaguzi wa mstari hata kama hutaki mtu achague mstari wowote, safuwima, na kwa kila safuwima kiwanda cha kutengeneza seli, chenye hatua mbili: ya kuiandaa seli tupu na ya kuijaza. Muundo huu una akili sana. Ukiwa na mistari laki moja, kompyuta inatengeneza seli zile tu zinazoonekana kwenye kioo na kuzitumia tena ukisogeza. Lakini kila kipande kina ukurasa wake, na kila ukurasa unadhani vile vingine unavijua.

Hapa sayansi ya kujifunza ina neno. John Sweller, mwanasaikolojia wa elimu wa Australia, alichapisha mwaka 1988 hoja ambayo walimu wengi wameshaisikia: akili inapofanya kazi ina nafasi ndogo ya kushika mambo mapya kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo ikijaa kwa kutafuta njia, haibaki ya kujifunza. Miaka mitatu kabla, yeye na Graham Cooper walikuwa wameonyesha kwa hesabu za aljebra kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi akisoma mifano iliyokwisha kukokotolewa kuliko akiachiwa maswali ahangaike nayo. Sasa weka hilo kwenye ColumnView. Vipande sita vipya, hakuna hata kimoja unachoweza kukiona kikifanya kazi peke yake, na mfano kamili wa Python wa kuutazama haumo kwenye ukurasa wa rejea. Hapo uvivu wa mwanafunzi hauhusiki kabisa. Nafasi imejaa.

Kwenye IBM miaka ya 1980, John Carroll na wenzake waliwatazama watu wakijifunza programu za kuandikia barua kwa vitabu vinene vya maelekezo. Waliona kwamba watu hawasomi kwa mpangilio. Wanaruka, wanajaribu, wanakosea, kisha wanatafuta namna ya kutoka kwenye kosa, na kitabu hakisemi lolote kuhusu makosa. Carroll akaandaa vitabu vifupi, vinavyoanza na kazi halisi na kueleza wazi utafanya nini ukipotea, na waliovitumia walijifunza haraka zaidi. Kitabu chake kuhusu hayo kilitoka mwaka 1990. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, hati ngapi za programu zinakuonyesha kosa utakalolipata? Nyingi zinakuonyesha tu mambo yakienda sawa.

Utaniuliza, kwani lazima GTK? Swali zuri. Tkinter ni nyepesi, kwenye Ubuntu ni kifurushi kimoja, python3-tk, na masomo yake ya zamani mengi bado yanafanya kazi. Kwa programu ya kwanza kabisa ningemshauri mtu aanzie huko, hata kama madirisha yake yana sura ya kizamani. Qt nayo ina hati nzuri kuliko GTK kwa maoni yangu, hasa kwa mifano, ingawa nyingi zinaanzia C++. Lakini anayetumia GNOME kila siku atataka siku moja programu yake ifanane na zile anazoziona, na siku hiyo atarudi kwenye mlango huu huu.

Tufike kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya heshima, na mabishano ya istilahi yaliyoizunguka enzi hizo bado tunayo: kipanya au puku, kompyuta au tarakilishi au ngamizi. Ila tazama walengwa wake. Tafsiri ya menyu inamhudumia mtumiaji, yule anayebonyeza. Anayetaka kutengeneza kitufe chenyewe alibaki na Kiingereza, tena siyo Kiingereza cha shule ya sekondari bali cha mtu anayemwandikia mhandisi mwenzake. Miaka ishirini na kitu imepita na juhudi nyingi za Kiswahili kwenye kompyuta bado zinaelekea upande ule ule wa menyu. Kwa maoni yangu tumekosea mpangilio wa vipaumbele. Neno "Faili" kwenye menyu halimzuii mtu akilikuta kwa Kiingereza, atalizoea kwa siku mbili. Maelezo ya jinsi ishara za kitufe zinavyofanya kazi yanamzuia mwezi mzima.

Nikupe mfano, ili usinielewe kwamba nataka kila kitu kitafsiriwe. Majina ya amri yaachwe. set_child ibaki set_child, maana ndivyo itakavyoandikwa kwenye msimbo. Kinachotakiwa Kiswahili ni fikra. Kwenye GTK unakiambia kitufe: ukibonyezwa, ita kazi fulani. Unaandika connect, unataja ishara ya clicked, kisha jina la kazi yako, tuseme hifadhi. Karibu kila anayeanza anaweka mabano mbele ya hifadhi, na matokeo yake kazi inaitwa papo hapo programu inapofunguka, kabla mtu hajagusa kitu, kisha kosa linatokea na kitufe hakiunganishwi nayo. Hati zitakwambia kwamba kigezo cha pili ni kitu kinachoweza kuitwa. Sawa, ni kweli. Lakini mtu wa Mbaha anaijua tofauti hii tangu utotoni. Ukimwambia mtoto ufukweni, "ukiuona mtumbwi wa baba, niite," hujamwambia aite sasa. Umemwachia maagizo. Jina bila mabano ni maagizo aliyoachiwa mtoto. Jina lenye mabano ni mtoto anaita sasa hivi, mtumbwi haujaonekana, na wewe umekimbia ufukweni bure. Maelezo hayo yana mistari minne, na sidhani mtu atayasahau.

Kazi ya namna hii haihitaji wizara wala mfadhili. Inahitaji mtu anayejua GTK, anayejua Kiswahili, na mwenye subira ya kukaa kimya. Nasema kukaa kimya kwa sababu njia bora ninayoijua ya kupima somo ni kumpa mtu anayeanza, kukaa pembeni bila kumsaidia, na kuandika kila mahali anaposimama. Wengi wetu tunaoandika masomo hatufanyi hivyo. Tunaendesha msimbo kwenye mashine zetu, unakubali, tunachapisha.

Suala la bando nalo lina ufumbuzi ambao hautangazwi vya kutosha. Hati zote za GTK 4 zinaweza kusomwa bila intaneti: kuna kifurushi cha libgtk-4-doc, na programu ya Devhelp ya kuzifungulia. Kuna gtk-4-examples, yenye gtk4-demo, inayokuonyesha wijeti ikifanya kazi na msimbo wake pembeni. Msimbo huo ni wa C, kwa hiyo lazima ujifunze kusoma gtk_window_set_child na kuandika set_child ya Python, na hilo nalo linafundishika kwa nusu ukurasa. Unavishusha mara moja, siku yenye mtandao mzuri, kisha bando likiisha unaendelea na kazi. Somo la anayeanza lingepaswa kuanza na sentensi hiyo, kabla ya dirisha la kwanza.

Kwa hiyo ukiwa mmoja wa wale wanaosoma hapa na GTK unaijua, ombi langu ni dogo na mahususi. Usianze na kitabu. Anza na jedwali, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoachia njiani: programu moja kamili ya Python, inayoendeshwa na GTK 4.6 na kuendelea, yenye safuwima nne za daftari la dagaa, toleo limetajwa mstari wa kwanza, na chini yake makosa matano ambayo msomaji atayapata pamoja na maneno yale yale ambayo mashine itayatoa. Yote iwe faili moja la kurasa zisizozidi kumi, linaloweza kutumwa kwa WhatsApp au kubebwa kwenye flashi. Leseni ya GTK inaruhusu kunakili mifano yake, kuibadili na kuisambaza, kwa hiyo hakuna wa kumwomba ruhusa.